Kilima Kilichonyolewa

Moraa mwanangu,

Jua limetua na Sabato imekwisha, kwa hiyo sasa naweza kushika kalamu bila mama yako kunitazama vibaya. Mambo ya nauli, blanketi na sabuni ameyamaliza yeye. Amekufungia hata ndizi za kupika, kana kwamba Nakuru hakuna ndizi. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari ya ile picha yako, maana ndiyo iliyokufungulia mlango wa chuo, na huko uendako watu watakuuliza juu yake mpaka uchoke. Upande wako unaujua. Upande wangu hukuweza kuuona wote, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nimekupa mgongo.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha yetu ya karatasi. Hapa nyumbani tunasema Ekegusii, lakini lugha hiyo haikuwahi kukufikia. Homa ilikuchukua masikio kabla hujajua kutamka zaidi ya majina yetu. Shule ya viziwi ikakupa ishara na maandishi, nami nikajifunza ishara kwako wakati wa likizo, ukinipiga vidole kila nikikosea. Ulikuwa mwalimu mkali, na nilikupenda hivyo.

Nianze na kambini. Unakumbuka kwamba kabla sijarudi kukaa hapa Ikonge, mimi na shangazi yako Bosibori tulikuwa tukichuna chai kwenye mashamba makubwa upande wa Kericho. Dada yangu alichuna kama mtu anayesuka nywele za mtoto: haraka, lakini bila kuumiza. Wanawake walijipanga mistari na mistari, vikapu mgongoni, na midomo haikufungwa tangu asubuhi. Kulikuwa na nyimbo za kanisani, umbea, ugomvi wa jana, na kicheko kilichopita kutoka mstari mmoja hadi mwingine mpaka kikafika kwa watu ambao hata hawakujua kilichochekwa.

Likizo ulikuwa unakuja kukaa nasi. Uliketi mwisho wa mstari juu ya gunia, ukitutazama. Nilikuhurumia sana. Nilisema moyoni, huyu mtoto ameketi katikati ya maneno yote haya na hapati hata moja. Sikujua kwamba ulikuwa ukiyafuata kuliko sisi. Sisi tulisikia yaliyo karibu tu. Wewe uliona midomo ya mstari mzima.

Wakati huo nilikuwa bado baba wa kutafuta dawa. Nilikupeleka hospitali, nikakupeleka kwenye maombi Kebirigo, nikakupeleka hata kwa mtu wa mizizi ambaye mama yako hajui mpaka leo, kwa hiyo barua hii usimwonyeshe. Kila tulipofika mahali, nilikushika kichwa nikakigeuza kando ili watu waone sikio. Miaka mingi nilikutazama ubavuni, mwanangu. Uso wako ulikuwa unanitafuta, nami nilikuwa nakagua sikio.

Kisha mashine zikaja.

Msimamizi aliniita pembeni, akanipiga kifuani kwa kiganja. "Mogire, wewe uko na nguvu. Utashika mashine."

"Na hawa wengine?" nikamwuliza.

"Wengine wataambiwa."

Waliambiwa. Mashine moja ya kushikwa na wanaume wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, ilipita juu ya michai ikifanya kazi ya kundi zima. Shangazi yako alikusanya sufuria zake na godoro. Nilimbebea mzigo hadi barabarani, kwa maana kubeba ni rahisi kuliko kusema. Alinipa mkono akasema, "Basi, kazi njema." Hakusema kwa uchungu wala kwa kejeli. Laiti angenitukana.

Sikuiba kazi ya mtu. Nilijiambia neno hilo kila siku nikivaa buti, na naona leo kwamba mtu ambaye hakuiba hana haja ya kujiambia hivyo kila siku. Mashine ile ilivuma mpaka mifupa. Jioni mikono yangu iliendelea kutetemeka wakati mashine ilikuwa imezimwa zamani. Vidole vikawa na ganzi. Niliona aibu, mwanamume aliyechaguliwa kwa ajili ya nguvu hawezi kushika kikombe bila kumwaga chai. Nikawa naweka mikono mfukoni. Sikumwambia mtu.

Na mwisho wake unaujua. Ikaja mashine kubwa zaidi, ya kukaliwa, na kijana mmoja akaiendesha huku akitafuna miwa. Msimamizi yuleyule akaniita pembeni, safari hii hakunipiga kifuani. Nikarudi nyumbani kwenye mistari yetu michache ya chai na migomba. Shangazi alikuwa ng'ambo ya kijito, akiwachunia majirani kwa kibarua. Tulisalimiana vizuri kila siku. Tuliongea habari za mvua, watoto na kanisa. Habari ya kambini hatukuigusa hata mara moja.

Ulipomaliza shule ulichukua rangi alizoziacha fundi aliyejenga nyumba ya jirani, ukachukua na ule ubao wa dari uliobaki, ukaenda kuchora nyuma ya banda. Tulidhani unapitisha muda. Kisha ukatuita tuone.

Nitaieleza kama nilivyoiona siku ile, kwa jicho la mtu asiyejua chochote. Niliona vilima vyetu, si vingine, nikavijua kwa migongo yao. Lakini michai haikuwa michai. Kila mstari ulikuwa mstari wa mikono ya kijani iliyoota kutoka ardhini, viganja juu, vidole vimefunguka. Kilima kimoja katikati kilikuwa kimenyolewa hadi ngozi, ngozi yenye rangi ya mtu, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Kijito kilipanda mlima badala ya kushuka, kikibeba vikapu vitupu. Juu, mahali pa mawingu, kulikuwa na masikio. Makubwa, meupe, yakienda zake kwa upepo. Na juu ya kile kilima kilichonyolewa alisimama mtu mdogo mwenye kofia. Mikono yake iliishia kwenye vifundo. Mbele hapakuwa na kitu.

Mama yako aliangalia masikio, akaanza kulia. "Anaota kusikia," akaniambia. Mzee wa kanisa alipopita kutusalimia, naye akaangalia masikio, akasema tusikate tamaa, Mungu hajamaliza kazi yake. Majirani waliokuja walisema hivyohivyo. Kila mtu aliyejua kuwa husikii aliona masikio tu, na akishayaona alikuwa amemaliza kutazama.

Mimi sikuona masikio. Niliona kofia. Ilikuwa kofia yangu ya kambini, na nikajua mara moja kwamba mtu yule ni mimi. Ni nani hukatwa mikono? Mwizi. Basi binti yangu alikuwa ameelewa kila kitu akiwa juu ya gunia lake, akanyamaza miaka yote, na sasa amenihukumu kwa rangi za nyumba ya jirani.

Nikaugeuza ubao uso ukutani. Kesho yake nikaukuta umegeuzwa. Nikaugeuza tena. Tulifanya hivyo siku kadhaa, bila mmoja wetu kumwuliza mwenzake kitu, na sisi tuna lugha mbili za kuulizana.

Mama yako ndiye aliyesikia redioni kwamba kutakuwa na mashindano ya wachoraji Kisii, katika ukumbi ulio juu ya duka la rangi la Bwana Jayanti, na kwamba kati ya waamuzi kuna mwalimu wa chuo cha Nakuru. Alisema twende. Nilisema mimi nina kazi ya magugu. Akasema, "Na nani atamfasiria? Mimi?" Shangazi akaja pia, kusaidia kubeba ubao, kwa maana haukuingia mlangoni bila kushikwa na watu wawili.

Sasa nafika pale ambapo wewe na mimi tunapajua.

Ilipofika zamu yako, mwalimu yule wa Nakuru alisimama mbele ya picha muda mrefu. Alikuwa mama mwenye sauti ya upole, miwani imening'inia kifuani. Alipoambiwa mchoraji ni kiziwi, uso wake ulilainika. Akawageukia watu. "Tazameni masikio yale," akasema. "Yanaelea, hayafikiki. Huyu mtu asiye na mikono nadhani ni yeye mwenyewe, hana jinsi ya kuugusa ulimwengu. Ni picha ya upweke mkubwa." Kisha akaniuliza mimi, "Baba, hebu mwulize, ni kweli?"

Nikakuuliza. Nawe ukajibu, na hukujibu kidogo. Mikono yako ilikwenda kama mvua ya alasiri. Ulisema si upweke. Ulisema ni kazi. Ukasema mashine, ukasema shangazi, ukasema baba. Watu wote waliingoja sauti yangu. Kofia yangu ilikuwa pale ukutani, na shangazi yako alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikasema, "Anasema ndiyo. Ni ukimya wake."

Wakapiga makofi. Wewe hukuyasikia makofi, lakini uliona mikono na uliona macho. Baadaye uliniambia ulivyojua: ulikuwa umesema mengi na mdomo wangu ulifunguka mara chache tu, tena watu walikuwa wanakutazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Hukunigombeza. Uliniangalia mara moja. Ukamshika shangazi mkono, ukampeleka hadi kwenye ubao, ukaweka kiganja chake kando ya ile mikono ya kijani. Ile alama ya kidole gumba, pale chai inapomkata mchunaji kila siku, ilikuwepo kwenye mkono wake na ilikuwepo kwenye picha. Kwenye kila mkono wa picha. Mimi niliyeugeuzageuza ubao ule sikuwa nimeiona.

Bwana Jayanti alikuwa ameketi mlangoni akiangalia wateja wake wa chini kwa jicho moja. Akasema, "Mzee, samahani. Huyu mtoto amesema kilo nzima, wewe umetupimia robo. Amesema nini hasa?"

Watu wakacheka. Ningeweza kusema sielewi ishara zote. Kuna watu wangeniamini. Lakini shangazi hakutoa mkono wake ubaoni, alinigeukia akaniambia kwa Ekegusii, polepole, "Sema tu alivyosema mtoto."

Nikakuomba urudie. Ukarudia, na safari hii nilisema kila neno.

Nilisema: "Anasema alikuwa akikaa shambani likizo. Anasema wanawake walikuwa wakiongea siku nzima, na yeye aliona midomo yao. Siku mashine ilipowashwa, midomo yote ikafungwa kwa pamoja, maana hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Anasema siku hiyo aliona watu wote wamekuwa kama yeye. Masikio yale mawinguni si yake. Ni ya hao wengine. Yaliondoka siku hiyo."

Mwalimu wa Nakuru alivaa miwani yake, akasogea karibu na picha, safari hii akianzia chini, kwenye mikono, si juu. Kisha akasema jambo ambalo nimeliweka moyoni. "Nilipoambiwa mchoraji ni kiziwi, niliacha kutazama picha nikaanza kumtazama yeye. Hebu tuanze tena."

Tukaanza tena kweli. Mama mmoja aliyetoka Nyamarambe na mwanawe alikuja mbele. "Mimi nimechuna huko," akasema. "Hii mikono ni yetu."

Mwanawe akamwambia, "Lakini mama, si ulikuwa unalia mgongo kila siku? Mimi sitaki urudi kwa hiyo kazi."

"Nani amesema nirudi? Nimesema ni yangu."

Kukawa na mabishano mazuri. Mmoja akasema mashine imeleta njaa, mwingine akasema hata jembe lilipokuja kuna watu walilia. Mmoja akauliza kwa nini kijito kinapanda mlima. Ukajibu kwamba wakati ule watu wote waliokuwa wameteremka kutafuta kazi walikuwa wanapanda kurudi makwao na vikapu vitupu. Mzee mmoja akasema yeye anaona kwamba kilima kilichonyolewa ni mfiwa, maana kwetu mtu hunyoa akifiwa. Ukafikiri, ukasema hukuwaza hivyo, lakini inafaa. Nilipenda ulivyosema hivyo. Wengine wangeng'ang'ania.

Kisha mwalimu akauliza swali ambalo nililiogopa tangu asubuhi. "Na huyu mwenye kofia?"

Ulisita. Ulinitazama kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa. Nikatikisa kichwa kwamba endelea. Ukaanza kusema, polepole, kwa ishara kubwa zilizo wazi ili nisikosee, nami nikawa natafsiri neno baada ya neno, bila kujua sentensi inakwenda wapi.

"Huyu ni baba yangu," nikasema kwa sauti yangu. "Baba yangu alikuwa anaongea na mimi kwa mikono. Hakuna mwingine kambini aliyejua kuongea na mimi. Alipopewa mashine, alirudi jioni mikono inatetemeka. Akawa anaiweka mfukoni. Nilimwuliza habari, hakujibu. Nikadhani mashine imebaki na mikono yake."

Hapo niliacha kuwatazama watu, nikakutazama wewe.

Mwanangu, nimeishi na aibu ya mwizi kwa muda mrefu, na wewe hukuwa umechora mwizi. Ulikuwa umechora mtu unayemkosa. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha ile mara nyingi, nikaisoma yote kwa woga wangu, na neno lililoandikwa pale lilikuwa kwamba unanitaka nikujibu.

Hukushinda nafasi ya kwanza. Ilikwenda kwa yule kijana aliyechora soko la Kisii wakati wa mvua, na mimi nasema alistahili; yale matope ungeweza kuyakanyaga. Lakini mwalimu aliandika jina lako na namba yangu. Nilipopigiwa simu kwamba umepata nafasi, na kwamba chuo kina mkalimani wa ishara, nilikuwa kituo cha chai na gunia begani. Nililiacha gunia palepale nikaja kukutafuta mbio. Bwana Jayanti, kama unavyojua, aliomba picha ikae dukani kwake, juu ya makopo ya rangi. Wiki iliyopita aliniambia kwamba mteja mmoja aliitazama sana kisha akauliza kilima hicho kiko wapi, anatafuta ploti. Bwana Jayanti akamjibu, "Umechelewa, hicho wameshanyoa."

Kuna jambo moja hukuliona siku ile, kwa sababu wewe na mama yako mlibaki Kisii na ubao mpaka kesho yake kwa ajili ya kupigwa picha. Mimi na shangazi tuliporudi, tulipanda mlima kwa miguu kutoka barabarani. Tukafika kwenye kijito. Hapo akasimama.

"Mogire, mikono ilikuwa inatetemeka kweli?"

"Sana."

"Mimi nilidhani unaringa. Mtu wa mashine, mikono mfukoni."

"Nilikuwa naona haya."

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi, na wewe umefukuzwa?"

Akanitazama kama tulipokuwa watoto na nimevunja chungu. "Ungesema, dada, mikono inaniuma. Basi. Ningekukanda."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Alinishika mikono yote miwili pale pale kwenye mawe, akaikanda, ingawa maumivu yalikuwa yamekwisha zamani, nami nikamwacha aikande.

Naye pia ana picha yake ndani ya picha yako. Unakumbuka alipokwenda dukani kuitazama tena, akakuonyesha vile vitone vya kijani kwenye kilima kilichonyolewa. Alisema ni vichipukizi, kwa kuwa mchai ukikatwa hadi chini ndipo unapoamka. Ukamwambia kwa kunitumia mimi kwamba hapana, ni rangi iliyodondoka kutoka kwenye brashi. Akasema, "Basi brashi yako inajua chai kuliko wewe." Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Lakini niliona kwamba hukuvifuta.

Huko Nakuru utakutana na watu wengi wema kama yule mwalimu. Watakutazama kwanza masikio, kama nilivyofanya mimi. Wengine watakuwa na maneno mazuri kabisa juu ya ukimya wako, na watakupa nafasi na makofi kwa ajili ya maneno hayo. Sikuambii uyakatae makofi. Mimi ni nani? Nakuambia tu nilichokiona: siku ile ungeweza kunyamaza ukapata zawadi kwa picha ambayo hukuichora, ukachagua kumshika shangazi mkono. Sijui ulipata wapi ujasiri huo. Si kwangu.

Wakikosea, usikasirike haraka. Nilikosea mimi niliyekuzaa na ninayekijua kile kilima kwa jina. Mtu huiendea picha akiwa amebeba mzigo wake, na jambo la kwanza anatafuta pa kuutua. Mama yako alitua huzuni yake, mimi hatia, yule mzee msiba wake. Acha watue. Kisha waulize, kama Bwana Jayanti alivyoniuliza, kuna nini kingine hapo. Na wewe nawe ukubali kuulizwa. Huenda mtu wa Nakuru, asiyejua chai wala Ikonge, akakuonyesha kitu ulichokichora bila kujua.

Na mkalimani wa huko, mtazame mdomo. Ukiona umesema kilo akapima robo, mwambie arudie. Hata kama ni mtu mzima. Hata kama ni mtu unayempenda.

Rudi ukipata likizo. Ukikawia, andika. Nami nitajibu, mikono yangu sasa ni mizima.

Kuna jambo la mwisho, halafu nifunge. Mama yako hajawahi kujifunza ishara zaidi ya zile za jikoni: kula, oga, lala, njoo. Unajua hivyo, na najua imekuuma. Alikuwa akisema vidole vyake ni vizito, na kwamba mimi natosha kwa wote wawili. Jumatano alinijia nikiwa nakata majani ya ng'ombe, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kukopa, akaniambia sentensi moja, akasema, "Nifundishe hiyo." Tangu siku hiyo anafanya mazoezi ukitoka nje. Hata sasa ninavyoandika namwona kwenye mwanga wa moto, ameweka mwiko chini, anaipanga mikono, anakosea, anaanza upya.

Atakuambia asubuhi utakapokuwa unatoka. Ishara ya mwisho anaipindua, kidole kinaangalia chini badala ya juu, nimemsahihisha nimechoka. Usimsahihishe. Sitakuandikia hapa amesema nini. Simama tu mlangoni, weka mizigo chini, umtazame mpaka amalize.

Baba yako,
Mogire